Mpangaji Aliyechora Nyumba ya Bi Tatu

Mpangaji wangu hakujua kupiga hodi. Naanza na hilo maana mengine yote yamefuatia hapo, na mimi nikiacha kamba ya mwanzo huwa nazunguka mpaka wasikilizaji wanasinzia.

Siku aliyokuja kuulizia chumba aligonga mlango kwa vidole, ko ko ko, kama mtu anayechagua nazi sokoni. Mlango wenyewe ulikuwa wazi, pazia tu limeshuka, na mimi nilikuwa nimekaa ukumbini nasuka ukili, miguu yake naiona. Nikanyamaza. Akagonga tena. Nikasema, "Wewe unayepiga mlango wangu, umekukosea nini?"

Akacheka. "Shikamoo mama. Natafuta chumba."

"Marahaba. Sasa rudi nyuma, simama pale kwenye jiwe, useme hodi. Ukiitikiwa, ingia. Usipoitikiwa, ngoja kidogo useme tena. Mara ya tatu ukinyamaziwa, unaondoka zako. Hata kama unaona moshi jikoni, unaondoka."

Akarudi kweli. Mtu mzima, mvi mbili tatu zimeanza kumtoka, begi mgongoni, amesimama kwenye jiwe langu anasema hodi kama mtoto wa chuoni. Nikamwambia, "Karibu, pita ndani mwanangu." Alikaa kwangu miaka.

Kwao ni wapi, baba yake nani, kwa nini hana mume, sikumwuliza. Huku kwetu Zinga, tulioko upande wa chini ya barabara kuu, watu wanauliza sana, na waliuliza, lakini walimuuliza yeye, na yeye alikuwa hodari wa kujibu swali kwa swali. Ukimwambia "Mwenzetu umezaliwa wapi?" anakuambia "Kwani Kikwere changu kibaya?" Na Kikwere chenyewe hana hata neno moja.

Mimi nilidhani ni karani. Ana kompyuta, analala mchana, jioni anakunywa kahawa chungu na kashata moja, halafu anakaa na mashine yake. Nilifikiri anaandikia watu barua. Kompyuta akishamaliza kazi aliifunika kwa kanga kama mtoto mchanga, tena kanga nzuri, doti mpya, yeye mwenyewe anavaa iliyochakaa. Hakupenda kelele. Redio yangu ilimkera, jogoo wangu alimkera, lakini mwenyewe akifanya kazi alikuwa anaguna wimbo mmoja usio na maneno, unapanda, unashuka, haufiki. Nikimwambia "Malizia basi huo wimbo" alikuwa anashangaa, hajui kama anaimba.

Wali ulimshinda. Niliwahi kufundisha wasichana wengi kupika wali, hata wale wavivu wa Kerege, lakini huyu aliniangusha. Anautia motoni, anakwenda kuutazama ukuta. Nikimwambia "Mwali wa watu, moshi huo," ananijibu, "Nafanya kazi mama." Anatazama ukuta na anafanya kazi. Baadaye nilikuja kuamini kuwa ni kweli.

Alinieleza kazi yake siku moja barazani. Akasema anatengeneza michezo, ile ya kwenye kompyuta na kwenye simu, ambayo vijana wanapigana na magaidi na kukimbiza magari. Lakini yeye wa kwake hauna gari wala bunduki. Hana kampuni, hana bosi, yupo yeye na kanga yake. Wako wenzake wachache mjini Dar, kila mmoja na chumba chake, wanatengeneza michezo ya mambo ya serikali na wananchi. Mmoja wao alitengeneza wa uchaguzi, akaitwa mahali akahojiwa, akarudi akaacha. Sasa anatengeneza ule wa kupanga pipi kwa rangi. "Anaishi vizuri," mpangaji wangu alisema, na hakusema kwa kumcheka.

Mchezo wake mmoja ulikuwa wa dirisha la dawa hospitali. Wewe si mgonjwa. Wewe ndiye uliyekaa ndani ya dirisha. Watu wamepanga foleni mbele yako, dawa zilizopo hazitoshi, na kila anayefika anakueleza shida yake, nawe una kalamu. Mmoja unampa, mmoja unamwambia arudi kesho. Na kesho yake mwingine harudi.

Nikamwuliza kwa nini asimfanye mchezaji kuwa mgonjwa.

"Nikimfanya mgonjwa, mama, atajionea huruma. Atalia kidogo, atazima, atakwenda kula. Nikimkalisha dirishani na kalamu mkononi, yeye ndiye anayewarudisha watu. Hapo hawezi kusema ni wao."

"Na akifurahia?"

"Akifurahia nini?"

"Kurudisha watu."

Alinitazama kama nimemtia mchanga machoni. "Hawezi kufurahia. Nimeutengeneza usifurahishe."

Mimi ni mtu wa hadithi. Shule yangu ni ile ya ngumbaru, jioni, ubao umeegeshwa ukutani kwa mwenyekiti, lakini hadithi nimesimulia tangu sijaolewa. Kwenye hadithi zangu kamba naishika mimi. Nikitaka mcheke mtacheka, nikitaka muogope kwenda chooni mtaogopa. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe kamba unampa msikilizaji. Unampa mtu kisu, halafu unategemea aone vibaya."

"Ndiyo kazi yenyewe, mama."

Basi tulibishana hivyo kwa miaka, na kahawa. Sisemi nilimshinda.

Alikuwa na vituko vyake. Mtu anayewachora wakubwa kwenye mashine, ungedhani hawaogopi. Akija mtu yeyote na faili kwapani, hata wa kuhesabu vyandarua, mpangaji wangu anakimbia kuvaa viatu. "Ndiyo kaka. Sawa kaka. Ahsante kaka." Nikamcheka, "Huyo wa vyandarua ndiye unayemvalia viatu?" Akasema, "Mama, mimi nawachora kwa sababu nawaogopa." Tena michezo yake hachezi. Sikumwona akicheza hata mmoja. Aliwapa watu wacheze, yeye anasimama kando anawatazama nyuso, siyo kioo. Mtu akikunja uso, anafurahi. Mtu akicheka, anaandika kitu kwenye simu.

Hapo ndipo ikaja habari ya mradi. Wakati huo ilikuwa maneno tu. Kila mtu alikuwa na lake: barabara, kiwanda, hoteli. Watu wakaanza kupanda miche ya minazi usiku usiku ili wathamini wa fidia wakija waikute. Mpangaji wangu akatembea na simu yake akipiga picha nyumba zetu, kwa hodi, nakiri, kwa hodi nzuri. Akasema anatengeneza mchezo unaitwa Mthamini.

Kwenye mchezo huo wewe ni kijana wa ofisini. Umepewa ndoo ya rangi nyekundu na brashi. Unapita kwenye njia ya mchanga, na hiyo njia ni yetu, na mnazi uliopinda ni wetu, mpaka unafika kwenye nyumba. Unabonyeza, unasema hodi. Ukishakaribishwa ndipo brashi inakubali kuchovya. Kabla ya hapo, hata ubonyeze vipi, brashi inabaki kavu. Hilo alilichukua kwangu, lile la siku ya jiwe. Ukiingia unapewa kigoda na maji. Ukitoka unachora X ukutani, kando ya mlango. Basi. Unakwenda nyumba ya pili. Ukichelewa bosi anakukaripia. Na kuna kitufe kingine, ukikibonyeza unatua ndoo chini unarudi kwenu, mchezo unaisha, panatokea maneno kwamba kesho atatumwa mwingine.

"Hapo ndiyo umeshinda?" nikauliza.

"Hakuna kushinda, mama."

Alitaka sauti ya mwenye nyumba. Akaegesha godoro lake dirishani kuzuia kelele, akanifunika shuka mimi na kile kidude cha kurekodia, kidogo kama karafuu, tukawa humo ndani tunatoka jasho kama tunafukizwa. Jogoo akawika. Tukangoja. Akawika tena. Nikamwambia, "Huyo naye anataka awemo." Mwisho akatulia.

"Sema kama mtu amepiga hodi na humjui ni nani."

"Kama simjui nitasema karibu."

"Hivyo hivyo."

"Karibu, pita ndani mwanangu."

Akanirudisha mara nyingi, polepole, haraka, kama nimechoka, kama nimelala. Mwisho akachukua ile ya kwanza. Akasema ndiyo ya kweli, nyingine nilikuwa naigiza.

Akaupeleka kwa Shomari, kijana mwenye kibanda cha gemu pale kona ya msikiti, aujaribishe kwa wateja wake. Nami nikaenda, nataka kusikia sauti yangu. Vijana wamejaa, mmoja ana pedi mkononi, wengine wamemwegemea. Anafika nyumba ya kwanza, sauti yangu inasema karibu pita ndani mwanangu, na kibanda kizima wanaitikia pamoja nami kama kiitikio cha ngoma, "mwanangu-u". Halafu, "Oya, bibi kakukaribisha, chovya!" "Usinywe maji ya watu, unapoteza muda!" "Piga X, piga X, kaka umelala!" Walikuwa wanashindana nani atamaliza kitongoji chetu kabla ya adhana ya magharibi ya mle ndani ya mchezo. Na nyumba zetu wanazijua. "Hii ya Bi Tatu, ipige kubwa, huyu alinimwagia maji mwaka jana."

Mpangaji wangu alisimama nyuma, amelikumbatia begi. Tulipofika kwenye jiwe akasimama.

"Wanashindana, mama."

"Nimewaona."

"Mchezo hauna pointi. Wamezitunga wenyewe."

Sikumwambia "Nilikuambia." Hilo neno halijawahi kumsaidia mtu. Lakini nilimwona usiku ule hakuguna wimbo wake.

Bi Tatu, niseme kidogo. Ni jirani yangu, nyumba yake na yangu zinatazamana, ni rika langu, mjane kama mimi, anakamua mafuta ya nazi, na mdomo wake unaweza kuchubua mhogo. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na fito, mabati juu, lipu mbele tu, na mlango wa mvule alioachiwa na marehemu mumewe, aliyekuwa seremala. Mlango ule ulikuwa mzuri kuliko nyumba. Mpangaji alipoichora alihangaika nayo kuliko zote, akaweka hata ufa uliokuwa unashuka kutoka dirishani.

Kulikuwa na mkutano wa wale wenzake mjini, akaitwa auonyeshe Mthamini. Wiki ile ile mimi nilikwenda Msata kwenye arobaini ya shemeji yangu, nikalala huko. Kabla hajaondoka akatoa kwenye simu picha moja ya ndani ya mchezo, kuutangaza. Akachagua iliyopendeza zaidi: nyumba ya Bi Tatu, jua la asubuhi, X nyekundu kando ya mlango. Chini ameandika kwamba ni mchezo. Lakini picha ikitembea kwenye simu za watu maneno huwa yanaachwa njiani. Ilipofika kwetu ilikuwa picha peke yake.

Mtu mmoja akamwonyesha. "Bi Tatu, hii si nyumba yako?"

Hana simu ya picha, macho yenyewe yameingia ukungu. Akaitazama karibu karibu. Akauona mlango wake. Akauona ufa wake. Akatoka nje kutazama ukuta, hakuna kitu. Mwingine angesema basi, ni uzushi. Yeye akasema, "Ndivyo wanavyofanya siku hizi. Wanaanza kwenye simu, ukutani wanakuja kumalizia."

Na huku kwetu mtu akishapigwa X anajua la kufanya, hangoji kufundishwa. Walipopanua barabara, dada yake wa Kerege alingoja barua, tingatinga likaja asubuhi likaondoka na mlango, fremu, mabati, na sufuria zilizokuwa jikoni. Tangu hapo sote tunajua: kwanza unang'oa mlango, pili mabati, ukuta waachie. Bi Tatu akamwita fundi. Mlango wa mvule ukang'olewa, ukaja kuegeshwa uani kwangu. Mabati yakashushwa, mengine yakapasuka kwenye misumari. Nyumba mbili za jirani nazo zikaanza kung'oa madirisha. Ndipo Shomari akaiona ile picha, akatoka kibandani anakimbia, "Jamani hiyo ni gemu, hiyo ni gemu!" Za jirani zikapona. Ya Bi Tatu ilikuwa imeshakaa wazi kama bakuli.

Na ulikuwa mwezi wa masika. Mvua ilianza alasiri ile ile, ikanyesha kama inadai. Ukuta wa udongo bila bati ni sukari. Wa nyuma ulilala kwanza, kisha wa chumbani. Niliporudi Msata nilikuta lipu ya mbele peke yake imesimama, na shimo la mlango, na nyuma yake matope.

Mpangaji alirudi kesho yake. Alikuwa amekwishasikia, maana alishuka barabarani akaja mbio, viatu mkononi. Bi Tatu alikuwa uani kwangu amekaa juu ya mlango wake, ameulaza chini kama kitanda.

"Shikamoo Bi Tatu."

"Marahaba. Umeiona nyumba yangu? Uliichora vizuri. Hata ufa hukuusahau."

Mpangaji akapiga magoti kwenye tope. "Nisamehe mama."

"Nikusamehe ufa au nikusamehe nyumba?"

Safari hii hakujibu kwa swali. Alikaa pale magotini mpaka mimi nikaona haya, nikajifanya natafuta kuni.

Jioni akakaa barazani na kompyuta, akaanza kufuta. Akafuta nyumba ya Bi Tatu kutoka kwenye mchezo, pakabaki mchanga mtupu. Akafuta michoro. Akafuta picha za kweli alizopiga kwa simu, moja moja. Nikamwuliza, "Na hizo pia?" Akasema, "Sistahili kuwa nazo, mama." Aliona ni adabu. Nami niliona ni adabu, sitadanganya. Kisha akakunja vitu vyake, akamwachia Bi Tatu chumba na kitanda, akahamia Kerege. Alitoka na begi, na mashine imefungwa kwenye ile kanga nzuri.

Kiangazi kilichofuata wakaja wathamini wa kweli.

Aliyekuja kwangu alikuwa kijana mpole, viatu vimejaa vumbi. Alisimama kwenye jiwe bila kuambiwa. Akasema hodi, kwa sauti nzuri, ya mtoto aliyelelewa. Nami nimekaa na ukili wangu, mdomo ukafunguka wenyewe: "Karibu, pita ndani mwanangu." Nikajisikia nikisema. Nikampa kigoda. Nikampa maji, akanywa. Nilikuwa najua kila kitakachofuata, nimekisikia kwa Shomari mpaka nimekichoka. Akatoka nje. Nikasikia ndoo, nikasikia brashi ukutani. Akasema, "Ahsante bibi."

Kwa Bi Tatu walisimama mchangani. Ile lipu ya mbele ilikuwa imeanguka zamani.

"Hapa pana nini?" kijana akauliza.

"Pana nyumba," akasema Bi Tatu.

"Iko wapi?"

"Umesimama chumbani kwangu."

Kijana akatazama miguu yake, akasogea kidogo, nadhani kwa heshima. Shomari akatoa simu akamwonyesha ile picha, nyumba nzima, mlango, ufa, X. Kijana akaitazama vizuri. "Hii ni katuni, kaka. Picha halisi hamna?" Mwenyekiti wa kitongoji akasema yeye ni shahidi, nyumba ilikuwepo. Wakasema shauri la mama litafuatiliwa. Wakaandika kiwanja kitupu. Mpaka leo linafuatiliwa. Sisi wenye nyumba tutapata cha kuanzia mahali pengine. Bi Tatu atapata mchanga.

Nikampigia mpangaji. "Zile picha za kweli. Unazo hata moja?"

Akasema, "Nilizifuta, mama. Ulinitazama."

Sikumwona tena mpaka mwezi uliopita. Nilikuwa nakuna nazi uani nikasikia hodi kutoka kwenye jiwe, hodi ya taratibu. Kabla sijaitikia, Bi Tatu akawahi kutoka chumbani.

"Nani?"

"Mimi, mpangaji."

"Mpangaji ni mimi."

Nikasema karibu. Hakuingia mara moja. Alikuwa amesimama kando ya mlango anaitazama X yangu. Amekonda, mvi zimekuwa nyingi. Akaigusa rangi kwa kidole.

"Alipiga hodi?"

"Alipiga. Vizuri kuliko wewe."

"Ukasemaje?"

"Nilisema vile ulivyonirekodi."

Akatoa mkono ukutani, akaufuta kwenye nguo, ingawa rangi ilikwishakauka zamani.

Akaketi mkekani, akafungua kanga, akafungua mashine. Hakuomba tena msamaha. Alisema, "Bi Tatu, nimeijenga upya kwa kukumbuka tu. Nimekosea mengi. Naomba unisahihishe." Nikamwuliza kama wathamini wataikubali. Akasema hapana, huo ni mchoro juu ya mchoro, kwao haufai kitu. "Basi ya nini?" akauliza Bi Tatu. Mpangaji akasema hajui. Akasema kwenye mchezo pale pamebaki mchanga, vijana wanapita juu yake wakienda kwangu, naye hawezi kulala.

Bi Tatu alikaa mbali. Akasogea. Akasema, "Dirisha hilo liko juu mno, mimi nilikuwa twiga?" Mpangaji akalishusha. "Ufa haukwenda hivyo, ulipinda huku." Akaupinda. "Benchi lilikuwa na mguu mfupi." Walikwenda hivyo mpaka kivuli kikafika kisimani. Bi Tatu alimpeleka uani akampimisha mlango wa mvule kwa mkono, ubao kwa ubao, akamwonyesha alama ya randa ya mumewe. Nyumba ikasimama kwenye kioo. Bi Tatu alikuwa anapumua kama amepanda kilima.

Kisha mpangaji akaijaribu. Akabonyeza, mchezo ukasema hodi. Nyumba ya Bi Tatu ikaitikia: "Karibu, pita ndani mwanangu."

"Huyo si mimi," akasema Bi Tatu. "Huyo ni huyu hapa, na maneno yake ya asali. Kwangu naitikia mwenyewe."

Basi tukaegesha tena godoro. Wakaingia chini ya shuka wao wawili, mimi nikamshika jogoo kwapani asituharibie. Nikamsikia mpangaji akisema, "Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Kimya. Jogoo anahema.

"Hodi."

Nilingoja mpaka mkono ukafa ganzi. Mwisho mpangaji akasema taratibu, "Mama, hujasema kitu."

"Nimemaliza," akasema Bi Tatu. "Weka hiyo."

Akaiweka. Niliona alipotoka chini ya shuka uso wake umelowa, na sikuuliza kama ni jasho. Akaifunika mashine kwa kanga, akatuaga aupeleke mchezo kwa Shomari, akapita kando ya X bila kuitazama. Alipofika njiani nikamsikia anaguna ule wimbo wake, unapanda, unashuka, haufiki.

Juzi wale vijana wa kibandani wamekuja wawili, wamekasirika. "Bibi, gemu la mpangaji wako limekufa. Tukifika kwa Bi Tatu tunapiga hodi hatuitikiwi, brashi haichovyi, hatuwezi kumaliza kitongoji."

Bi Tatu alikuwa anapepea moto, hakugeuka. "Mara ya tatu mkinyamaziwa, mnaondoka zenu."

Wakatazamana. Wakaondoka. Baada ya muda nikasikia kutoka kona ya msikiti kelele zimeanza tena, nikajua wameiruka hiyo, wamekwenda nyumba inayofuata. Na juu ya kelele zao nikaisikia sauti yangu, safi kabisa, inamkaribisha mtu ndani.